Msindano na Moto katika Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu. Walimkusudia mzazi hodari mwenye mtoto goigoi, wala hawakuwa na habari ya mti ambao kwake moto huzaa msitu. Mti huo ni msindano, uliofunika vilima vya Mufindi mkoani Iringa, na miteremko ya Kawetire na Kiwira mkoani Mbeya. Historia yake katika nyanda hizo haieleweki vema mpaka ujulikane kwanza mkataba wake wa kale na moto.

Barani Afrika misindano ya asili hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama Moroko na Aljeria. Aina iliyopandwa zaidi Iringa na Mbeya, ambayo wataalamu huiita Pinus patula, ilitoka katika milima ya Meksiko. Mbegu zake zimo ndani ya tunda gumu la magamba, liitwalo koni, na magamba hayo hugandamana kwa utomvu. Koni nyingi hukaa mtini miaka kadhaa zikiwa zimefumba. Baadhi hufumbuka kwa jua kali. Nyingine hungoja joto la moto liuyeyushe utomvu. Mti mzazi waweza kufa, kwa kuwa hauchipui tena kisikini. Lakini moto ukiisha kupita, mbegu zenye bawa hupeperuka na kuangukia udongo wenye majivu na jua tele, usio na nyasi za kushindana nazo.

Si misindano yote yenye desturi hiyo. Penye moto mdogo utambaao nyasini mara kwa mara, aina nyingi hujikinga kwa gome nene na kuachia mbegu zao bila kungoja moto. Penye moto mkali ujao kwa nadra, ndipo mti huweka akiba yake juu, katika koni zilizofumba.

Huko Sao Hill, wilayani Mufindi, majaribio ya kupanda misindano yalianza mwaka 1939. Baada ya Uhuru upandaji ulipanuliwa sana, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi. Mti ulifika, lakini moto wake wa kwao haukuja nao. Kazi ya moto ikatwaliwa na watu. Koni huchumwa zikiwa zimefumba, huanikwa juani mpaka zifumbuke, kisha mbegu hukung'utwa na kuoteshwa kitaluni. Kilo moja tu yaweza kuwa na mbegu zaidi ya laki moja.

Hata hivyo, nyanda hizo zilikuwa na moto wake. Tangu Mei hadi Oktoba mvua ni haba; wakulima huchoma mashamba, wafugaji huchoma nyasi zichipue, na warina asali hubeba mienge. Miti ya miombo imeuzoea moto huo, kwa maana huchipua tena mizizini. Msomaji aweza kuuliza: je, msindano nao si mwana wa moto? Naam, lakini akiba yake yataka umri. Mti wa miaka mitano hauna koni za kutosha za kuurithi, wala hauna mbao za kumlipa aliyeupanda. Wanakijiji wengi wa Mufindi wamepanda misindano kwa ajili ya karo na nyumba. Moto mmoja wa Septemba waweza kuwarudisha kwenye jembe na kitalu. Kwa sababu hiyo hufyekwa njia za kuzuia moto, na watu hushika zamu ya ulinzi.

Tena liko fundisho la upande wa pili. Katika mlima Mulanje, nchini Malawi, msindano huohuo ulipandwa ili kuikinga miche ya mierezi. Nao ukatoka katika mipaka yake, ukaenea mlimani kwa mbegu zake wenyewe, na kuung'oa kumekuwa kazi ngumu. Nyanda za Juu Kusini nazo zina mbuga za maua adimu, kama Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Basi mwenye kulinda shamba la misindano hulinda pande mbili: miti michanga isiteketee, na miti mikubwa isiupate moto wake wa kale karibu na mbuga isiyo yake.