Chui wa Unguja na Wenyewe

Mbuzi akikutwa zizini shingo imechanwa, watu wa mashamba Unguja hawakuuliza chui katoka pori gani. Waliuliza: chui wa nani? Iliaminika kwamba wapo wachawi wanaofuga chui, wakawalisha na kuwatuma usiku kwa jirani waliyekosana naye. Chui wa mwituni walikuwapo, hilo halikubishaniwa, lakini aliyewanyima watu usingizi ni yule wa kufugwa.

Wataalamu walikuja na habari nyingine. Mwaka 1932 Mwingereza R. I. Pocock alimtangaza chui huyu kuwa wa namna yake: mdogo kuliko wa bara, madoa yake madogomadogo. Akampa jina la Dk. Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar, ambaye wazungu wamembandikia jina lake hata paa nunga wetu.

Kadiri mashamba yalivyopanuka na misitu kupungua, chui alisogea mazizini, na kila alipoonekana, kisa cha wafugaji kilipata nguvu. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga maarufu kwa jina la Kitanzi alizunguka vijijini akisaka wachawi na kuua chui, na serikali haikumzuia. Wasasi wakaendelea pale alipoachia. Mimi naona hapo ndipo chui alipokwisha, maana nani angesimama kumtetea mnyama anayehesabiwa mali ya mchawi? Kumuua kulikuwa kujilinda.

Ajabu ni kwamba mnyama alipotoweka, wafugaji wake hawakutoweka. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, waliofuatilia jambo hili kwa miaka mingi, wameeleza jinsi wageni wanavyoahidiwa kupelekwa kwa mwenye chui, mradi walipe. Siku ikifika, mwenyewe kasafiri, au chui kahamishiwa kijiji kingine, au malipo hayakutosha. Safari inaahirishwa, fedha zimeshatoka.

Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni cha Mmarekani Forrest Galante ilinasa mnyama akipita usiku kisiwani, wakasema ni chui. Wapo waliofurahi, wapo waliotilia shaka. Ama chui wa kufugwa, ambaye kila kijiji kina mtu anayemjua mwenye naye, hakuna mtafiti hata mmoja aliyewahi kuoneshwa.