Watoto wa Chinsali

Ukitoka Vwawa, ukaiacha Tunduma nyuma na kuvuka forodha ya Nakonde, barabara kuu inakupeleka Isoka, kisha Chinsali. Mji ni mdogo. Tangu 2011 ndio makao makuu ya mkoa wa Muchinga nchini Zambia, nasi Vwawa tukapewa heshima kama hiyo 2016, Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya. Jina la Mbozi, wilaya yetu, limefika mbali kwa kahawa na kwa kimondo cha Ndolezi. Jina la Chinsali limefika mbali kwa watu. Kati ya mwaka 1920 hivi na 1924 walizaliwa katika vijiji vyake watu wanne ambao historia ya Zambia haiandikiki bila wao, na kwa kuwa ni majirani zetu, tarehe yao inatuhusu.

Inaanzia misheni. Wamoravia kutoka Ujerumani waliweka kituo Mbozi kwa Wanyiha, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakaweka chao Mwenzo, kwa Wanyamwanga walewale ambao leo mpaka unawagawa Tunduma na Nakonde. Mwanzoni mwa karne ya 20 Livingstonia ilimtuma kwa Wabemba mwalimu Mwafrika, mzaliwa wa Nyasa, David Kaunda. Alifungua shule, na kazi yake ndiyo iliyozaa kituo cha Lubwa, nje kidogo ya Chinsali. Wamisionari wa Kiskoti walipokuja kukaa, walikuta wanafunzi na waumini tayari. Hilo husahauliwa mno: Lubwa ilianza na mwalimu mweusi aliyetumwa ugenini. Baadaye, hapohapo Lubwa, Mchungaji Paul Mushindo alishirikiana na Mskoti McMinn kuitafsiri Biblia kwa Kibemba.

Mke wa David, Mama Helen, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kiafrika kufundisha shule katika nchi ile. Mtoto wao wa nane, Kenneth, alizaliwa Lubwa Aprili 28, 1924. Baba alifariki 1932, mtoto akiwa na miaka minane, na mama akabaki na mzigo wa ada. Katika shule ya Lubwa walisoma pia Simon Kapwepwe na Robert Makasa, wote wawili wazaliwa wa 1922. Wa nne, Mulenga Lubusha, alizaliwa kijiji cha Kasomo, si mbali na hapo. Yeye shule hakuipata kama wenzake. Alikuwa akihudhuria mafundisho ya ubatizo.

Vijana wale watatu walianza siasa nyumbani kwao. Kenneth alizunguka jimbo la Kaskazini kwa baiskeli, gitaa mgongoni, akikitangaza chama cha Congress, na 1953 akawa katibu mkuu wake. Kapwepwe alikwenda kusoma India, akarudi. Mwaka huohuo wa 1953 Mulenga aliugua, na alipopata nafuu alisema kwamba alikufa akarudishwa kuja kuwaambia watu waache uchawi. Lubwa wakambatiza Alice. Wafuasi wakamwita Lenshina. Maelfu walihama makanisa kumfuata, na 1958 wakamaliza kujenga hekalu lao Kasomo, mahali walipopaita Sione.

Hapa ndipo tarehe hii inapouma. Kanisa la Lenshina, lililoitwa Lumpa, liliwakataza waumini wake siasa, wakati UNIP, chama cha akina Kaunda, kilimtaka kila mtu awe na kadi. Waliogombana hawakuwa wageni kwa wageni. Walikuwa watu wa vijiji vya jirani, waliobatizwa misheni moja, na kila upande uliujua mlango wa mwenzake. Julai 1964 Kaunda alikuwa waziri mkuu, uhuru umebaki miezi mitatu. Jeshi lilipelekwa Chinsali, na Sione ikaanguka mwisho wa mwezi huo. Hesabu ya serikali ilizidi watu 700 waliokufa, na maelfu ya waumini wakakimbilia Kongo. Lenshina alijisalimisha Agosti. Naamini kwamba Kaunda hakupata kutoa amri nzito kuliko ile, maana aliitoa juu ya kijiji alichokua akikijua.

Miaka saba baadaye zamu ikawa ya rafiki. Kapwepwe, waziri wa kwanza wa mambo ya nje na makamu wa rais kuanzia 1967, aliachana na UNIP Agosti 1971 akaunda chama cha UPP. Desemba alishinda uchaguzi mdogo Mufulira. Februari 1972 chama kilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini na wenzake zaidi ya mia. Alirudi UNIP 1977, lakini alipotaka kugombea urais mwaka uliofuata, kanuni za chama zilibadilishwa akakosa sifa.

Katikati ya mtafaruku huo ilikuja reli. Agosti 1973 mataruma ya TAZARA yalifika Tunduma, yakiwa yameshapita Vwawa. Ng'ambo ya mpaka njia ilikwenda Kasama, kisha Mpika, ikaipita Chinsali kando. Vwawa ikapata stesheni, ila mji wa kwao rais aliyeijenga reli ile pamoja na Mwalimu Nyerere ukabaki na barabara tu. Hilo namhesabia Kaunda kwa wema.

Lenshina alifariki Desemba 7, 1978, Lusaka, akiwa bado chini ya ulinzi. Kapwepwe alifuata Januari 26, 1980. Kaunda alishindwa uchaguzi wa 1991, akakabidhi madaraka kwa amani, na akafariki Juni 17, 2021, akiwa na miaka 97. Makasa, asiyetajwa sana upande wetu, ndiye ambaye chuo kikuu cha umma kilichojengwa Chinsali kimepewa jina lake.