Harufu ya Radi na Maji Safi

Msomaji, wewe uliyelelewa Suneka, au penginepo katika vilima vya Kisii, waijua vema mvua ya alasiri na radi zake. Radi ikipiga karibu, huenda ukasikia harufu kali hewani. Hiyo ni harufu ya ozoni, hewa izaliwayo umeme unapoipasua oksijeni. Basi, na tuifuate harufu hiyo mpaka kwenye maji ya kunywa.

Mwaka 1840, katika mji wa Basel, Uswisi, mtaalamu Christian Schönbein aliyeinusa katika majaribio ya umeme aliipa jina hilo, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kunuka. Mwaka 1906 mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia kuua vijidudu vya maradhi majini.

Miaka mingi baadaye likaja chujio la utando, lenye vitundu vyembamba kuliko unywele mara elfu moja na zaidi. Hapo taabu mpya ikazuka, kwani kila uchafu linaoukamata hulizibia njia. Jaribu mwenyewe: chota maji mekundu ya mto Riana baada ya mvua, uyamimine juu ya kitambaa. Kwanza yatapita, kisha yatadondoka, mwisho yatasimama. Utando nao huzibwa vivyo hivyo, hasa na ute wa vijidudu na wa majani yaliyooza.

Watu waliishindaje taabu hii? Tazama Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kavu ambayo mvua yake ni haba. Tangu mwaka 1968 mji huo umesafisha hata maji yaliyokwisha kutumika, yakanyweka tena. Katika mtambo mpya wa Goreangab, uliofunguliwa mwaka 2002, ozoni huuvunja uchafu vipande vidogo. Vijidudu visivyo na madhara, vikaavyo katika makaa, huvila vipande hivyo. Ndipo maji huufikia utando yakiwa na mzigo mwepesi. Na kwa kuwa ozoni haidumu majini, klorini hutiwa mwishoni ili kuyalinda maji njiani.

Waona, basi, kwamba siri haimo katika chombo kimoja, bali katika mpango wa kazi. Nyumbani nako ni vivyo hivyo: maji ya mto huachwa yatulie, yakachujwa, kisha yakachemshwa. Anayeruka hatua moja huenda akailipa kwa homa ya matumbo. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.