Huduma za fedha zafika Mombasa bara, mkopo wabaki ghali

KWA miaka mingi, mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliyetaka kuweka fedha benki mara nyingi alilazimika kwenda kisiwani Mombasa. Wa Likoni alivuka kwa feri, wa Kisauni akapitia daraja la Nyali, naye wa Changamwe akapitia Makupa. Nauli na muda wa kazi uliopotea vilikula sehemu ya akiba.

Hali ilianza kubadilika Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilipozindua M-Pesa. Mwenye duka mtaani akawa wakala wa kupokea na kutoa fedha. Mwaka wa 2010, Benki Kuu ya Kenya (CBK) iliziruhusu benki nazo kutumia mawakala.

Kulingana na utafiti wa kitaifa wa FinAccess, watu wazima wanaotumia huduma rasmi za kifedha nchini walikuwa asilimia 26.7 mwaka wa 2006, wakafika asilimia 84.8 mwaka wa 2024.

Hata hivyo, kufikiwa na huduma si sawa na kunufaika nayo. M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012, ilitoa mikopo ya siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Kwa kiwango hicho, mchuuzi wa samaki aliyekopa Sh2,000 alilipa Sh150 zaidi. Akirudia kila mwezi kwa mwaka mzima, ada ilifika Sh1,800, karibu sawa na mkopo wenyewe.

Wakopeshaji wengine wa simu walienea bila usimamizi, hadi kanuni za 2022 zilipowataka kupata leseni ya CBK.

Kwa Waislamu wengi wa maeneo haya, kikwazo kingine ni riba. Mwaka wa 2008, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kuhudumu kwa kufuata sharia. Katika utaratibu wa murabaha, benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayotajwa tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu.

Vyama vya kuchangiana kwa zamu navyo havitozi riba, lakini ugonjwa hausubiri zamu ya mtu. Hapo ndipo mkopo wa simu humvutia mhitaji. Kabla ya kuuchukua, yafaa ajue mambo matatu: jumla atakayolipa, siku ya mwisho, na adhabu ya kuchelewa.