Njaa na Maradhi katika Vita vya Majimaji, Kilwa na Liwale

Vita vya Majimaji, vilivyoanza katika milima ya Wamatumbi huko Kilwa mwishoni mwa Julai 1905, wenyeji wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, hukumbukwa zaidi kwa dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti. Hata hivyo, waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliomalizwa na njaa na maradhi, na ni dhuluma kwamba vifo hivyo vya pili huelezwa kwa sentensi moja tu.

Njaa hiyo ilipangwa. Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alishauri kwamba ni njaa na dhiki pekee zingewatiisha waasi, na chini ya Gavana von Götzen vikosi vilichoma vijiji na maghala ya nafaka, vikapora chakula na kuwazuia watu kupanda. Kimbilio la watu wa kusini wakati wa njaa ni mizizi ya porini, ikiwemo ming'oko na ndiga. Lakini ndiga ina sumu, hivyo hukatwa vipande vyembamba na kulowekwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, kazi isiyowezekana kwa mtu anayekimbizwa.

Mwili ukikosa chakula hujila wenyewe, mafuta kwanza kisha misuli, huku kortisoli, homoni ya dhiki, ikipanda. Thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza baadhi ya chembe nyeupe za damu, husinyaa, na kingamwili, yaani protini zinazonasa vimelea, hupungua katika mate na ute. Dalili za mwanzo za udhaifu huo zimepimwa kwa wanamieleka na wanajudo wa leo wanaojinyima chakula na maji ili watimize uzito. Lakini wao hula mara tu wanaposhuka kwenye mizani, ilhali watoto wa Umatumbi na Liwale walikosa chakula misimu mizima, hata kuhara kwa kawaida kukawaua.

Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mashamba ya Liwale yaliyobaki bila watu yaligeuka pori, wanyama na mbung'o wakaenea, na katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ikawahamisha wakazi wengi wa huko kwa sababu ya malale.