Picha za Chui wa Zaire, 1974
Kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ilitoa picha za wachezaji wa Kombe la Dunia la 1974, za kubandikwa katika albamu. Zaire imo, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Watu hukumbuka mabao 9 waliyofungwa huko na Yugoslavia. Ni kuwadhulumu Chui. Miezi michache kabla walikuwa wametwaa Kombe la Afrika nchini Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9, rekodi ya mashindano mamoja ambayo haijavunjwa.

Mwenye picha ya zamani ya mchezaji asiibandike ukutani. Unyevu wa mvua hula karatasi. Aihifadhi pakavu, jina liandikwe nyuma kwa penseli.