Mwafanyani Njiani?

Binti wa jirani yangu hapa Chaani, Mombasa, alinijia juzi na daftari la Kiingereza lenye wino mwekundu. Alikuwa ameuliza habari kwa wingi: "What are the news?" Mwalimu akakata "are" akatia "is". "Ami," akaniambia, "hiyo esi ya mwisho si ya wingi?" Ni ya wingi, nikamjibu, ila wenyewe wameisahau. Zama za Shakespeare waliweza bado kuihesabu hivyo. Leo neno limevaa kanzu ya wingi, nalo latembea kwa miguu ya umoja.

Tusiwacheke upesi. "Habari" tuliitoa kwa Waarabu, kwenye khabar, ambayo kwao ni umoja. Wingi wake ni akhbar. Sisi tukaitia katika ngeli isiyobadilisha umbo, na idadi ikakimbilia kwenye kimilikishi. Bara nasikia zaidi "habari yako?", Unguja "habari zako?" Mimi ni wa zako. Anayeniuliza yako ni kama ashaamua kwamba nina moja tu la kusema.

Hili neno "wingi" nalo hunikera kidogo. Latokana na -ingi, na -ingi ni tele. Watu wawili si wengi, lakini katika sarufi ni wingi. Wanaosoma Kiarabu hupewa ngazi tatu: mufradi, muthanna, jamu. Mwarabu ana umbo la pekee la wawili, kwa hivyo jamu yake huanzia tatu. Shina la jamu hiyo ndilo lililotuzalia jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa, maneno ya kukusanyika yote. Ningependa kulirudisha neno jamu shuleni. Lakini kwetu Changamwe jamu ni foleni ya malori ya makontena yanayokwenda bandarini Kipevu, na mtoto akiambiwa "taja jamu ya lori" atachungulia dirishani. Basi wingi ubaki.

Kosa la pili la binti lilinifurahisha zaidi. Aliandika "Who are coming?" kwa sababu kichwani mwake palikuwa na "akina nani wanakuja?" Mwingereza huuliza "who is coming" hata akisikia vishindo vya watu kumi mlangoni. Mswahili ana ruhusa ya kukisia. Akiwa hajui, au akiona kivuli kimoja, husema nani. Akishasikia viatu vingi, husema akina nani.

Na hiyo akina si wingi wa kawaida. Akina Hamisi si Hamisi wawili. Ni Hamisi na watu wake, alio nao na walio upande wake. Ni wingi unaopimwa kwa ujamaa, si kwa idadi. Mwanafunzi hufundishwa mtu na watu, kiti na viti, na huu akaachwa auokote mtaani bila jina. Mimi nauita wingi wa akina. Jina lajieleza, na hata aliye darasa la nne halitamtisha.

Baada ya swali la nani kuna la -ngapi. Ukitaka kuuona ufundi wake, nenda penye foleni ya maji, mitungi imepangwa, jua linapanda. "Mko wangapi?" Hiyo ni hesabu. "Wewe ni wa ngapi?" Hiyo ni zamu. Pengo dogo tu kati ya wa na ngapi, na swali limekuwa jingine kabisa. Anayelichezea pengo hilo atagombana na mtu mtungini. Kiingereza hulipata la kwanza bila shida, la pili hakina neno lake moja. Binti aliambiwa atafsiri "Wewe ni mtoto wa ngapi kwenu?" akazunguka sentensi tatu asifike. Pale nilimtetea: si yeye aliyepotea, njia ndiyo haikuwepo.

Sarufi huziita -ngapi zote mbili "kiulizi", na wengine humbebesha kiulizi huyo huyo ile alama ya mwisho wa swali. Punda mmoja, magunia mawili. Nashauri, nawe msomaji uipime kauli hii: neno liwe kiulizi, alama iwe kiulizo. Kisha tuseme ngapi ya hesabu na ngapi ya zamu.

"Na you?" akauliza binti. "Mwalimu hujuaje ni mmoja au ni sote?" Hajui, au hujua kwa macho. Kiingereza kilikuwa na thou kwa mmoja. Wakaanza kumwambia mkubwa you kwa heshima, heshima ikamwagika hadi kwa kila mtu, na thou akazikwa. Ndiyo maana humuuliza mtoto mmoja kwa "are" ya wingi. Kwetu u- na m- wangali hai: wafanyani, mwafanyani.

Hiyo -ni ya mkiani ni nini iliyokatwa na kubandikwa kwenye kitenzi. Mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja yetu ya hapa, kikarudi nyumbani. Vitabu siku hizi huandika "mnafanya nini", pana na safi. Mtaani -ni haikuomba ruhusa ya mtu.

Tukiwa barazani, lori likasimama ghafla mbele ya watoto waliokuwa wakipiga mpira barabarani. Utingo akatoa kichwa: "Mwafanyani njiani? Ondokeni!"

"Hapo -ni ziko ngapi?" nikamuuliza binti.

Akahesabu kwa vidole. "Tatu. Ya swali, ya mahali, ya wingi."

"Na ya wingi ni ya ngapi?"

"Ya mwisho," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Lakini ami, na ile mw- ya mwanzo?"